Umeshindwa Baraza la Ardhi? Namna ya kukata rufaa ndani ya siku 45

Umenunua kiwanja kwa mkataba, ugomvi ukafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Dar, ukashindwa. Rufaa yako inakwenda Mahakama Kuu, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, inakupa siku 45.

1. Omba nakala siku hiyohiyo

Kabla hujapanda daladala, andika barua ya kuomba nakala za hukumu, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa kwenye kesi). Ipeleke masjala ikiwa mbili. Moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, uondoke nayo. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaruhusu siku ulizosubiri nakala ya tuzo zisihesabiwe, lakini uoneshe uliomba lini na ukapewa lini.

Niliwahi kumpokea mama aliyefuatilia nakala zake miezi miwili, kila wiki, kwa mdomo tu. Barua hana. Tukaanza na maombi ya kuongezewa muda, na kiapo cha kueleza kila siku iliyopita, hata kiwanja chenyewe hatujakigusa. Iliniuma sana.

2. Hesabu siku

Siku ya hukumu haihesabiwi. Ikisomwa Machi 3, ya 45 ni Aprili 17, Jumamosi na Jumapili zikiwamo.

3. Soma mwenendo, kalamu mkononi

Hapa ndipo rufaa nyingi hupatia nguvu au kufia. Usihangaike na ushahidi mpya. Ni nadra sana kupokelewa. Tazama kilichomo. Mkataba wako ulipokelewa kama kielelezo? Mashahidi waliosaini walisikilizwa? Halafu wazee washauri wa Baraza: mwenyekiti hukaa na wasiopungua wawili, na maoni yao yanatakiwa yawe kwenye kumbukumbu, yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande zote za kesi, kabla ya hukumu. Yakikosekana, hukumu huweza kufutwa na shauri kurudi kusikilizwa upya. Jua hilo mapema, maana kurudi kule si sawa na kushinda.

4. Andika sababu za rufaa

“Mwenyekiti hakunitendea haki” si sababu. Andika hivi:

“Kwamba Baraza lilikosea kisheria na kiukweli kuamua kuwa mkataba ni batili, ilhali kielelezo P1 (mkataba) kinaonesha mjibu rufaa alipokea bei yote mbele ya mashahidi wawili.”

Kosa, mahali lilipo, ushahidi unaolipinga. Tatu au nne za namna hii zinatosha. Ziandike kwa Kiswahili. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza.

5. Sajili

Pakia rufaa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama pamoja na hukumu na tuzo. Lipa ada siku hiyohiyo, utunze risiti.

6. Zuia utekelezaji

Wengi hudhani rufaa ikishasajiliwa dalali wa mahakama, anayetekeleza tuzo, hawezi kuja. Anakuja. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji wa tuzo. Unapeleka maombi mahususi yenye kiapo, ukieleza hasara utakayopata isiyorekebishika. Ukikuta notisi imebandikwa getini, maombi hayo yaingie siku hiyo, na uipige picha notisi ikiwa bado getini.