Kupaka rangi chasi na springi za Land Rover ya zamani penye hewa ya chumvi

Rangi nyingi zinazobanduka chini ya magari ya zamani hapa Unguja na Pemba zilikuwa nzuri zilipotoka kwenye kopo. Zilipakwa juu ya chumvi. Gari halihitaji kukanyaga maji ya bahari, upepo wenyewe unatosha kuileta. Chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia kwenye rangi hiyo hiyo, yanatokea malengelenge, yakipasuka kutu ipo tayari. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuosha na kukausha. Mfano wetu ni Land Rover Series II na III, zenye bodi ya aluminiamu juu ya chasi (fremu inayobeba gari) ya chuma.

Hatua ya 1: Msimu na ukaguzi

Paka wakati wa kaskazi, kuanzia mwisho wa Disemba hadi Februari, au wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Masika na vuli zitumie kwa kufungua, kukata na kuchomelea.

Chasi hii ni sanduku la bati lenye unene wa kama milimita 2, na huliwa kutokea ndani. Igonge yote kwa nyundo ndogo, kila baada ya sentimita 5. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa na nyundo huacha shimo. Anza na boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na vishikio vya springi, kwa sababu matope hujikusanya hapo na hayakauki. Palipooza kata mpaka ufike chuma kizima, kisha chomelea bati la unene ule ule. Bati likibandikwa juu ya kutu huficha ubovu tu, na kishikio cha springi kinaweza kung'oka gari likiwa njiani. Kabla ya kuchomelea toa betri na tangi la mafuta.

Namba ya chasi imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi. Izibe kwa tepu nzito kabla grainda haijawashwa. Ikifutika, gari litapata tabu kwenye usajili na ukaguzi.

Hatua ya 2: Kufungua

Gari likae juu ya stendi nne. Jeki ni ya kuinulia, haitegemewi na mtu aliye chini ya gari.

Nati za yu-bolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) na pini za shakeli (vipande vinavyounganisha ncha ya springi na chasi) zimwagie mafuta ya kulegeza asubuhi na jioni, siku mbili kabla ya kuzigusa. Pini ikigoma, mara nyingi imegandana na bomba la ndani la bushi, yaani mpira wenye bomba ambamo pini hupita. Usiipige kwa nyundo nzito, utapanua kishikio. Ikate kwa msumeno wa chuma kati ya bushi na kishikio. Nunua pini, bushi na yu-bolti mpya. Yu-bolti iliyokwisha kukazwa imevutika, na ukiirudisha haitoshika kama mwanzo.

Springi ibane kwa jiliwa au klempu mbili kabla ya kutoa bolti ya kati, kwani mabapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kufanya springi, yanaachana kwa nguvu. Gonga alama kwa panchi kwenye ncha ya kila bapa: mpangilio wake, mbele ni wapi, kulia au kushoto. Springi ya upande wa dereva si sawa na ya upande wa abiria, na zikibadilishana gari husimama upande.

Hatua ya 3: Toa mafuta, kisha osha

Watu wengi huanza na brashi ya waya, na hapo ndipo wanapokosea. Brashi husambaza grisi na kuisukuma ndani ya vitundu vya kutu. Kwanza kwangua matope, safisha grisi kwa mafuta ya taa, kisha sugua kwa maji moto na sabuni mpaka mafuta ya taa yenyewe yaishe. Suuza. Maji yakitandaa juu ya chuma, pamesafika. Yakijikusanya matone matone, rudia.

Angalia na maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na ukisuuzia maji hayo umerudisha ulichokitoa. Tumia ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Sehemu ndogo zimalizie kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Soma chupa kwanza.

Hatua ya 4: Kutoa kutu

Kwa chasi na ekseli tumia grainda yenye brashi ya waya, kisha msasa namba 80. Msasa usiuruke. Brashi huing'arisha kutu nyeusi ikaonekana kama chuma, na pia huacha uso laini usioshika rangi. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, kwa hivyo zisugue zikiwa zimeloa maji na uvae barakoa ya vumbi. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa kompresa, huweza kuwa na asbesto.

Kupiga mchanga kwa kompresa ni haraka zaidi, lakini mchanga wa pwani usiuguse: una chumvi. Hata mchanga mwengine mkavu wenye silika huharibu mapafu. Ukipata ganeti, chembe za madini za kupigia chuma, piga. Usipopata, mkono na msasa vinatosha.

Vipande vidogo kama shakeli na bati za chini ya springi vinafaa kwa njia ya umeme. Ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji, vijiko vitano vya mezani vya soda ya kufulia, chaja ya volti 12. Waya wa hasi kwenye kipande, wa chanya kwenye nondo chakavu. Stenlesi isitumike kama nondo, hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Magadi ghafi ya sokoni pia yaache, yana chumvi ndani yake. Fanya kazi nje, maana haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche.

Mabapa ya springi yasiingie kwenye ndoo hiyo wala kwenye asidi. Haidrojeni huingia ndani ya chuma hicho kigumu na bapa linaweza kukatika baadaye bila dalili. Springi ni kwa brashi na msasa tu.

Ukimaliza, suuza tena, pangusa na kausha kwa upepo wa kompresa uliotolewa maji.

Hatua ya 5: Praima siku hiyo hiyo

Chuma kitupu hapa kwetu hakilali. Kikilala, asubuhi kimevaa kutu ya manjano. Malizia msasa asubuhi na anza praima saa nne au saa tano, umande ukiwa umeondoka. Kipimo rahisi: pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Alama isipokauka ndani ya dakika 15, subiri.

Tumia praima ya epoksi ya makopo mawili. Mafundi wa boti za faiba wanaijua vizuri. Pima hadina, ile ya kopo la pili inayoigandisha rangi, kwa chombo, si kwa macho, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo. Ikoroge, iache muda ulioelekezwa. Joto la digrii 30 hufupisha sana muda wa kuitumia, kwa hivyo changanya kidogo kidogo. Tia brashi kwanza kwenye kona, mashimo na mishono ya welda, kisha paka kote mara mbili. Kwa mikrometa 75 za rangi kavu, lita moja ya rangi ambayo nusu yake hubaki ikikauka hufunika kama mita 5 za mraba kwa brashi.

Ukikuta utando unaonata kama nta juu ya epoksi, unyevu umeutoa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua msasa namba 240, ndipo upake rangi ya juu.

Nyuzi za bolti, matundu ya bushi na tundu la kupumulia la difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) zizibwe kwa tepu. Pale yu-bolti inapobana iwe praima nyembamba tu, kwani rangi nene husinyaa na nati kulegea.

Hatua ya 6: Ndani ya chasi na kufunga

Zibua matundu ya chini ya chasi, kisha puliza ndani nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu. Oili chafu ni desturi hapa, lakini huvimbisha mipira ya bushi, hushika vumbi na hudondoka ardhini.

Mabapa ya springi pakaa rangi nyembamba, kisha grisi ya grafaiti baina yake. Penye aluminiamu kukutana na chuma weka washa za nailoni, la sivyo aluminiamu huliwa.

Pini za shakeli zikaze za mwisho gari likiwa limesimama juu ya matairi yake. Mpira wa bushi umeshikamana na bomba lake. Ukizikaza springi zikiwa zinaning'inia, mpira utabaki umejipinda siku zote na kuchanika mapema. Baada ya kilomita 100 kaza tena yu-bolti, na uangalie kama kuna rangi iliyopasuka kuzunguka nati.