Hesabu watu wako kwa shida, si kwa majina

Wewe mwenye mtoto mdogo, usijiulize kama una watu. Simu imejaa majina. Jiulize: mtoto akishikwa na homa saa nane usiku hapa Kayole, Nairobi, nani atafungua mlango? Chukua karatasi, andika shida yenyewe, kisha jina mbele yake. Wa kukaa na mtoto ukienda kliniki. Wa kukutumia mia tano kwa M-Pesa bila maswali mengi. Wa kukusikiliza ukilia. Shosho aliye ushago ni hazina kwa ushauri wa simu, lakini usiku huo hawezi kufika.

Jina moja likijibu kila kitu, hapo ndipo pa kushtuka. Kwangu lilikuwa la dada yangu. Alipopata kazi ya zamu za usiku, karatasi nzima ikabaki tupu.

Mapengo jaza mapema. Anza na jirani wa mlango wa pili, kwa ombi dogo tu: amwangalie mtoto dakika 20 ukishuka dukani. Utamjua. Na wewe mshikie wake siku nyingine. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, mwombe namba.

Baba naye apewe kazi maalum, asiandikwe "yupo". Akiwa ameajiriwa, sheria ya Kenya inampa wiki 2 za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa. Wengi hawaiombi hata. Halafu 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, ibandike karibu na swichi ya taa.