Kuirudishia sura bunduki kuukuu ya .303

Hapa Pennsylvania msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayofuata Thanksgiving. Oktoba ikishaingia tu, simu zangu hazikauki: "Kaka, nimeokota bunduki ya zamani kwa bei ya kutupa, ila imechoka. Nifanyeje?" Mara nyingi ni Lee-Enfield ya risasi za .303, ile bunduki ya jeshi la Mwingereza iitwayo kwa kifupi SMLE (Short Magazine Lee-Enfield). Miaka ya 1950 na 1960 ziliuzwa kwa wingi Marekani kama mabaki ya jeshi, na wanunuzi wakazikata mbao ya mbele ziwe nyepesi za kuwindia. Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki) walibeba hizi hizi, ndiyo maana kwangu ina heshima kuliko Winchester yoyote. Basi nitaeleza ninavyoishughulikia.

Kwanza iangalie vizuri kabla hujanunua hata msasa. Kama mbao zake zote zipo hadi mdomoni mwa mtutu na namba zake zinalingana, ipanguse mafuta uiache. Wakusanyaji wanalipia rangi ya asili hata ikiwa imefifia, na ukiing'arisha umeipunguzia bei mwenyewe. Iliyokwisha kukatwa ndiyo ya kuchezea. Tazama pia upande wa kulia wa chuma kinachoshika kitako: kuna taji, GR (herufi za Mfalme George), jina la kiwanda (Enfield, BSA, Lithgow au Ishapore), mwaka, na maandishi SHT.L.E., yaani Lee-Enfield fupi. Hapo msasa haupiti. Na namba ya bunduki usiiguse kabisa, maana kuifuta au kuibadili ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho ya Marekani. Msomaji wa Tanzania au Kenya, kwako mambo ni mengine: matengenezo ya silaha ni ya fundi mwenye leseni, si ya barazani.

Toa magazini. Toa boliti, kile chuma chenye mkono kinachofunga chemba kwa nyuma. Chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zisiwe hata chumba hicho.

Sasa kufungua. Kwenye SMLE mbao ya mbele hutoka kwanza, kitako baadaye. Boliti ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba, na ncha hiyo imeingia kwenye bamba lililo nyuma ya mbao ya mbele. Ukianza kuizungusha boliti hiyo wakati mbao ya mbele bado iko mahali pake, utaipasua mbao. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereo wa skrubu. Skrubu zilizochunwa ndizo zinazomwumbua fundi kuliko kutu.

Tuje kwenye chuma. Dawa ya kupiga bluu (kukipa chuma rangi yake nyeusi ya samawati) bila moto, kama Perma Blue ya Birchwood Casey au Oxpho-Blue ya Brownells, ni tindikali yenye chumvi za seleni na shaba. Inaacha utando mwembamba mweusi juu ya chuma, basi. Kiwandani wanachemsha chuma ndani ya chumvi kali kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na hiyo usiijaribu nyumbani. Kwa hiyo usitegemee dawa ya chupa ikupe rangi ya kiwanda. Mimi naitumia kuziba mabaka na kufufua sehemu zilizopauka. Mtutu mzima nikitaka udumu, naupatisha kutu kwa makusudi, nauchemsha kwenye maji safi hadi wekundu ugeuke weusi, nasugua, narudia. Hiyo ni kazi ndefu na inastahili maelezo yake peke yake.

Kutu ya juujuu inatoka kwa mafuta mepesi na stilwaya namba 0000, laini kama pamba, si ile ya masufuria. Bluu ya zamani ikiwa imebaki vipandevipande, siki nyeupe inaivua. Ukimaliza suuza kwa maji yenye bekingi soda. Mashimo ya kutu yaliyozama yaache. Ukiyafukuza kwa msasa utakula pembe zote za chuma, na bunduki itaonekana kama sabuni iliyotumika. Msasa wa 320 kisha 400 unatosha, kwa kufuata urefu wa mtutu, ukizungushiwa kwenye kipande cha mbao ili usawa usipotee.

Kuondoa grisi ndiko kunakoamua kila kitu. Futa kwa asetoni, badilisha kitambaa, futa tena, hadi kitambaa kitoke cheupe. Kuanzia hapo kidole kitupu hakigusi chuma. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba stilwaya hutoka dukani ikiwa na mafuta, kwa hiyo nayo ioshe kwa asetoni. Fungua madirisha, vaa glavu za nitrile na miwani, kaa mbali na jiko na watoto. Seleni ni sumu.

Pasha chuma kwa draya ya nywele hadi kiwe vuguvugu mkononi. Mimina dawa kidogo kwenye kifuniko, usichovye kitambaa ndani ya chupa ukaichafua yote. Pitisha kwa mkono mrefu, upande mmoja, bila kusimama katikati. Subiri kama dakika moja, au kama lebo inavyosema, kisha osha kwa maji baridi, kausha, sugua polepole. Mara ya kwanza rangi hutoka ya kijivu yenye madoa na watu hukata tamaa hapo. Rudia. Ndani ya mtutu na chemba dawa isiingie, na boliti usiipake.

Ikifika rangi unayoitaka, lowesha chuma mafuta, kilale usiku kucha. Asubuhi huenda ukakuta vumbi jekundu: ni tindikali iliyobaki. Futa, paka tena, na uendelee hivyo siku chache.

Mbao ndiyo raha yangu. Mzee wangu alikuwa seremala Tanga, nimekulia kwenye maranda ya mninga na mvule, na sijamwona mtu anayekimbilia msasa akamaliza vizuri. Mbao ya bunduki inatakiwa ikae juu kidogo ya chuma. Ukiisaga inazama, na hairudi tena. Anza na spiriti na mswaki wa zamani. Weusi wa mafuta karibu na chuma cha kitako unanyonywa kwa unga wa chaki uliokorogwa na asetoni: paka, ukauke, brashi, rudia. Penye bonyeo weka kitambaa kibichi na juu yake pasi ya moto; mvuke unazivimbisha nyuzi zilizobonyea. Zilizokatika hazipandi, ziachwe zitoe ushahidi wa vita.

Mafuta ni ya mbegu za kitani, linsidi. Yale mabichi, ambayo jeshi la Uingereza lilitumia, yanakauka polepole sana. Yanayouzwa kwa jina la yaliyochemshwa yana dawa ya kukausha, na siku moja inatosha kukauka. Tru-Oil, mafuta ya dukani ya mbao za bunduki, inakauka upesi na kung'aa. Kwa bunduki ya askari, mng'ao huo siupendi. Matone machache kiganjani, sugua hadi mkono upate joto, baada ya robo saa futa yaliyozidi, ngoja hadi kesho. Ukipaka mengi yatanata na kukusanya vumbi. Usisahau mwisho wa kitako chini ya bamba la chuma, maana huko ndiko maji yanakoingilia. Wazee wa kazi husema paka kila siku kwa wiki, kila wiki kwa mwezi, kila mwezi kwa mwaka.

Vitambaa vya linsidi visirundikwe. Vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Philadelphia, tarehe 23 Februari 1991, vitambaa vya namna hiyo viliwasha jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38, na wazimamoto watatu wakafa. Vyangu navitandaza nje kimojakimoja hadi vikauke kabisa.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua: kitako kwanza, ukikaze hadi ncha ya mraba ikae sawa na nafasi ya bamba, halafu mbao ya mbele. Rudisha boliti ileile pamoja na kichwa chake kilekile. Kabla ya risasi ya kwanza, mpelekee fundi mwenye leseni apime nafasi kati ya boliti na ganda la risasi, na aangalie ndani ya mtutu, kwa sababu risasi nyingi za kijeshi za .303 zilikuwa na fataki (kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi) zenye chumvi inayokula chuma.