Neno "charge": jinsi ya kujua limebeba mzigo gani

Tunachaji simu, tunasema betri haikai na chaji, na neno la Kiingereza "charge" tumeshalifanya la kwetu. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Maana ya umeme ni moja tu kati ya nyingi, na kwenye karatasi zenye uzito, kama hati ya mahakama, hati ya ardhi au fomu ya hospitali, mara nyingi siyo inayokusudiwa.

Tafuta mzigo kwanza

Neno hili limetokana na Kilatini cha zama za mwisho, "carricare", yaani kupakia gari la kukokotwa, likapitia Kifaransa cha kale ndipo likafika Uingereza. "Cargo" na "carry" ni ndugu zake. Msomaji wa Kongo anayejua Kifaransa analiona hili bila shida, kwa kuwa "charger" kwake ni kupakia lori na pia kuchaji simu.

Kwa hiyo ukikutana na "charge", uliza: nani ametwikwa, na ametwikwa nini? Betri imetwikwa umeme. Mteja ametwikwa malipo. Mshtakiwa ametwikwa kosa. Bunduki ya gobori imeshindiliwa baruti. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo, basi usipoteze muda kulisaka. Ukishaujua mzigo, neno la Kiswahili huja lenyewe.

Kisha soma kineno kinachofuata

Baada ya "for" huja kitu au huduma, na maana ni kutoza: "They charge 500 shillings for delivery", wanatoza shilingi 500 kwa kukufikishia mzigo. Baada ya "to" huja hesabu au akaunti. Mgeni wa hoteli akisema "Charge it to my room", anataka iandikwe kwenye bili ya chumba chake, atalipa akiondoka. Baada ya "at" huja anayevamiwa: nyati akimjia mtu mbio, au askari wa farasi wakiwaendea adui. Kitabu cha historia kinapoeleza "charge" ya Waingereza kule Balaclava mwaka 1854, ni shambulio la farasi kuelekea mizinga ya Warusi.

"With" ndiyo yenye mtego, maana ina njia mbili. "She was charged with fraud" ni alishtakiwa kwa udanganyifu. "She was charged with organising the meeting" ni alikabidhiwa jukumu la kuandaa mkutano, na hakuna kosa lolote hapo. Angalia kinachofuata: kikiwa kosa la jinai, tumia "kushtaki", kikiwa kazi, tumia "kukabidhi" au "kupewa jukumu". Njia hii ya pili hupatikana zaidi katika Kiingereza rasmi cha barua na taarifa za tume, ndiyo sababu humshtua asiyeizoea.

Unapoandika Kiingereza mwenyewe, shika hivi: "accused of theft", "charged with theft", "convicted of theft". "Charged of" ni kosa. "Charged for theft" nayo inasikika kama mtu ametozwa bei ya wizi. Hizo tatu pia si hatua moja. Yeyote anaweza kumtuhumu mwenzake. Kumfungulia mtu mashtaka ni kazi ya polisi au mwendesha mashtaka. Kumtia hatiani ni kwa mahakama peke yake. Ukitafsiri "charged" kuwa "amepatikana na hatia", umemhukumu mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa.

Kineno "the" kinachogeuza kila kitu

Linganisha: "The nurse is in charge of the child" na "The child is in the charge of the nurse". Katika ya kwanza muuguzi ndiye msimamizi. Katika ya pili mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Ukiiruka "the" katika sentensi ya pili, mtoto anakuwa bosi wa muuguzi. Kwa cheo cha kazi, Tanzania tayari ina neno lake zuri: mfawidhi. Hakimu mfawidhi, mganga mfawidhi. Litumie, usiandike "inchaji" kwenye barua rasmi.

Pesa: chagua neno kwa uangalifu

"Bank charges" ni makato ya benki, kwa sababu hukatwa moja kwa moja kwenye salio. "Service charge" kwenye bili ya hoteli ni malipo ya huduma. "Free of charge" ni bure, basi. "Bila malipo" inafaa kwenye tangazo. "Tozo" litumie kwa tahadhari ukiwaandikia Watanzania: tangu tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, wengi wakilisikia wanafikiria mkono wa serikali. Ada ya kampuni binafsi ukiiita tozo, utazua maswali.

Ardhi: hapa usikosee

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inatumia "charge" kwa maana ya rehani. Anayeweka ardhi rehani ni "chargor", mkopeshaji ni "chargee". Ukitaka kununua shamba, ukapokea matokeo ya upekuzi wa hati miliki na ukaona "charge" kwa jina la benki, shamba hilo limeshikiwa deni; usidhani ni ada ya usajili iliyobaki. Kabla ya kulipa hata amana, dai uthibitisho kwamba "discharge of charge" imesajiliwa, yaani rehani imeondolewa. Kauli ya muuzaji kwamba alishamaliza mkopo haitoshi, kwani deni linaweza kuwa limelipwa huku rehani ikiendelea kusomeka kwenye rejista.

"Discharge": mzigo unatuliwa

Hospitalini, "discharge form" ni fomu ya ruhusa ya kwenda nyumbani. Lakini maagizo ya kidonda yakisema "report any discharge", ni usaha au majimaji yanayotoka, na mgonjwa lazima alijue hilo. Mahakamani, "discharged" kwa kawaida ni kuachiliwa bila kesi kufika mwisho, na mtu anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. "Acquitted" ni kuachiwa huru kwa uamuzi wa mahakama. Ndugu za mshtakiwa wasiambiwe kesi imekwisha kama karatasi inasema "discharged".

Jipime

"The officer in charge of the station said the suspect, now charged with theft, had charged his phone at a shop that charges 50 shillings."

Mkuu wa kituo alisema mshtakiwa wa wizi alikuwa amechaji simu yake kwenye duka linalotoza shilingi 50. Kiingereza kimemwita "suspect", lakini mashtaka yakishafunguliwa, kwa Kiswahili mtuhumiwa amekuwa mshtakiwa.