Namna ya Kupima Mtazamo wa Madaktari Viongozi wa Bukavu kuhusu Utafiti katika Afya ya Msingi

Ukimwuliza daktari mkuu wa zoni ya afya, yaani eneo lenye hospitali kuu ya rufaa na vituo vyake vya afya, kama anaunga mkono utafiti, atakujibu ndiyo, iwe katika zoni za Bukavu za Ibanda, Kadutu au Bagira, kwa maana ni vigumu kwa daktari kukiri mbele ya mgeni kwamba utafiti haumhusu. Jibu la namna hiyo halimfai mwanafunzi anayeandaa kazi ya kumaliza masomo, wala halimfai mhadhiri anayetaka kujua kwa nini vituo vya afya vinapokea watafiti wachache. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuuliza ili upate zaidi ya ndiyo.

Kwanza amua unayemwita kiongozi. Kwetu Kongo kituo cha afya kwa kawaida huongozwa na muuguzi, na daktari utamkuta katika hospitali kuu ya rufaa au katika ofisi kuu ya zoni. Kwa hiyo makundi yako ni matatu: madaktari wakuu wa zoni, wakurugenzi wa hospitali za rufaa, na madaktari wa Idara ya Afya ya Jimbo. Usiyachanganye katika jedwali moja, kwa kuwa wa kwanza ndiye anayebeba lawama muuguzi akikosekana kituoni, ilhali wa mwisho huona zaidi takwimu. Ongeza wauguzi wakuu wachache wa vituo, ingawa si madaktari, ili upate kulinganisha anayosema kiongozi na yanayofika chini.

Jimbo letu la Kivu ya Kusini lina zoni za afya 34. Idadi hiyo ni ndogo, basi waombe madaktari wakuu wote badala ya kuchagua baadhi, na usitumie asilimia kwa kundi hili, maana mtu mmoja peke yake ni karibu asilimia 3. Udogo huohuo unahatarisha siri. Ukiandika “daktari wa zoni ya kisiwani”, kila msomaji wa Bukavu anajua kwamba ni Idjwi, na jina halihitajiki tena. Futa jinsia, umri na mahali kabla ya kunukuu.

Sasa maswali, na hapa usiwe na haraka. Yale ya “nakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa” unaweza kuyaweka machache kwa ajili ya msimamizi wako, lakini kazi yenyewe iko kwenye maswali ya matendo. Mwulize ni lini kwa mara ya mwisho alimruhusu muuguzi kuacha zamu kwa ajili ya utafiti, na nani alishika nafasi yake. Mwulize kama watafiti wa mwisho waliopita katika zoni yake walirudisha matokeo, kisha umwombe kwa heshima akuonyeshe ripoti hiyo. Akitafuta kabatini asiione, andika hivyo bila kumhukumu, kwani huenda haikuletwa kamwe, na hilo laweza kueleza ubaridi wake kuliko swali lolote la mtazamo. Mwulize pia angefanya nini kama utafiti ungekuja bila posho kwa wauguzi. Wengi wamezoea miradi yenye posho, na usipoligusa jambo hilo utapima mvuto wa fedha ukidhani unapima mvuto wa maarifa.

Halafu chunguza neno “utafiti” linamaanisha nini kwake. Mpe mifano miwili. Wa kwanza ni Kamituga, mji wa dhahabu wa jimbo hilihili, ambako wagonjwa walioanza kuonekana Septemba 2023 ndio walioifanya dunia itambue aina mpya ya virusi vya ugonjwa wa mpox, iitwayo Ib. Wa pili ni Kasongo, katika jimbo la Maniema, ambako timu iliyoendesha huduma za afya yenyewe ilichapisha mwaka 1981 utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Mwulize ni upi unaofanana na kazi yake. Anayeona Kamituga tu huenda anafikiri utafiti ni sampuli zinazopelekwa maabara ya mbali. Kisha mwulize ni swali gani lililomkera katika mkutano wa mwezi wa zoni. Akikwambia kwamba dozi zilizotumika hazilingani na watoto waliochanjwa, au kwamba akina mama wanaokuja kliniki ya ujauzito hawaonekani siku ya kujifungua, umepata mtafiti asiyejiita hivyo.

Kuhusu ruhusa: anza na kamati ya maadili ya chuo chako, kisha barua ya Idara ya Afya ya Jimbo. Barua hiyo inafungua mlango, ila pia inakufanya uonekane mkaguzi, kwa hiyo mweleze kiongozi mapema kwamba majibu yake hayatarudi Idarani. Epuka siku za mkutano wa mwezi na nyakati za kipindupindu. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, haifai kusafiri kwenda zoni ya mbali kwa swali linaloweza kuulizwa kwa simu.

Mwite “Docta”, kama wanavyomwita wote ofisini. Atajibu kwa Kifaransa muda wote, na mara nyingi ataanza Kiswahili mnapoagana mlangoni, ambapo husema yaliyo moyoni. Mwombe ruhusa ya kuyaandika hayo pia. Ukimaliza uchambuzi, andika ukurasa mmoja, omba dakika kumi katika mkutano wa mwezi, na uache nakala katika kila ofisi uliyoingia, ili mtafiti ajaye akiomba kuonyeshwa ripoti ya mwisho, aikute kabatini.