Siku mbili Salzburg: karatasi kwanza, tiketi baadaye

Kutoka Munich, Ujerumani, hadi Salzburg, Austria, ni mwendo wa treni usiofika saa mbili, na urahisi huo ndio unaowaponza watu. Mtu hubeba simu na kadi ya benki tu, akasahau kwamba anavuka mpaka wa nchi.

Wakati wa kwenda, mara nyingi huulizwi kitu. Kazi iko kwenye kurudi. Tangu 2015 Ujerumani inakagua wasafiri wanaotoka Austria, na polisi hupanda treni, mara nyingi Freilassing, stesheni ya kwanza upande wa Ujerumani. Beba pasipoti yenyewe pamoja na kadi ya kibali cha ukaazi, kwani picha kwenye simu haihesabiki. Mtoto naye awe na hati zake. Kama kadi bado inashughulikiwa na mkononi una Fiktionsbescheinigung (hati ya muda ya kusubiri kibali), soma imetolewa kwa kifungu kidogo (Abs.) gani cha §81 ya sheria ya ukaazi: ya Abs. 4 inakuruhusu kutoka na kurudi, ya Abs. 3 haikuruhusu kurudi. Ukiona utata, uliza Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, kabla hujalipia hoteli.

Wanaoishi Uingereza, Ireland, Marekani au Ghuba wajue kwamba kibali cha huko hakiwavushi. Pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Kama usiku mwingi utalala Salzburg, omba kwa Austria, hata kama ndege inatua Munich. Kupeleka maombi kwa nchi isiyohusika ni njia ya haraka ya kurudishiwa bahasha.

Tarehe nayo ina uzito. Tamasha la muziki la Salzburg, lililoanza 1920, huchukua mwisho wa Julai na Agosti yote, na bei za vyumba hupanda ipasavyo. Desemba kuna masoko ya Krismasi na msongamano wake. Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuchagua. Mvua utakutana nayo tu: wenyeji wanaiita Schnürlregen, mvua ya nyuzi, rasharasha isiyojua kukata. Chukua koti la mvua na viatu visivyoteleza, maana mawe ya mitaa ya zamani yakilowa ni hatari.

Kwa treni, Bayern-Ticket (tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria) na Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima) zote zinafika Salzburg Hauptbahnhof, stesheni kuu, ila kwa treni za mkoa tu, kama RE5. Ukipanda treni za masafa marefu za ICE, EC au Railjet na tiketi hizo, utatozwa faini. Bayern-Ticket siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi (9:00), kwa hiyo treni ya 8:55 si yako. Ni ya siku moja, basi ukilala huko utahitaji mbili. Kikundi cha watu hadi watano ndicho kinachofaidi. Ukitua uwanja wa Munich, chukua S8 hadi Ostbahnhof ubadilishe hapo, usihangaike kwenda hadi katikati ya jiji.

Salzburg yenyewe ni ndogo. Stesheni hadi mji mkongwe ni dakika 20 na kitu kwa miguu, ukipitia bustani ya Mirabell ambayo haina kiingilio. Mizigo iache kwenye makabati ya stesheni. Tangu Mei 2025 wageni wanaolala katika jimbo la Salzburg wanapata tiketi ya usafiri wa umma bila kulipa zaidi. Iombe mahali unapolala kabla hujanunua tiketi ya basi.

Hapo ndipo hesabu ya Salzburg Card, kadi ya viingilio vya vivutio, inapokuja. Kadi hii inauzwa ya saa 24, 48 au 72, na saa zinahesabiwa tangu unapoitumia mara ya kwanza. Ya saa 24 inatosha siku mbili ukiipanga vizuri. Ianze Jumamosi saa 6 mchana: panda kwa reli ya mlimani hadi ngome ya Hohensalzburg, iliyoanzishwa na Askofu Mkuu Gebhard mwaka 1077, kisha nenda Getreidegasse 9, nyumba alimozaliwa Mozart mwaka 1756. Jumapili asubuhi na mapema chukua basi namba 25 hadi mlima Untersberg, ambako gari la kamba ya angani linakufikisha mita 1,776, na uingie kabla saa hazijaisha. Ila angalia kwanza: kamba hiyo hufungwa kwa matengenezo majira ya kuchipua na ya vuli, na wingu likishuka huko juu utaona ukungu mtupu. Hali ikiwa hivyo, shuka kasri la Hellbrunn kwenye njia hiyohiyo ya basi, kwenye chemchemi za mizaha za miaka ya 1610 zinazokurushia maji ghafla. Simu iwe ndani ya mfuko. Chemchemi zenyewe hufungwa majira ya baridi.

Hallstatt iache. Ni kama saa mbili na nusu kwenda na nyingine kurudi. Itakula siku nzima.

Kwa wasiokula nguruwe, menyu inataka macho. Wiener Schnitzel kwa kanuni za Austria lazima iwe nyama ya ndama, iliyoandikwa „vom Schwein“ ni nguruwe. Uliza pia mafuta ya kukaangia, kwa sababu Schmalz kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe. Kila penye neno Speck, yaani nyama ya nguruwe yenye mafuta, pita. Maji ya bomba ni mazuri, jaza chupa yako.

Jumapili maduka hufungwa karibu yote. Tegemea yale ya ndani ya stesheni. Zawadi nunua Jumamosi. Mozartkugel (vidonge vya chokoleti) za duka la Fürst, zilizobuniwa 1890, ni zile za karatasi ya buluu na fedha, zinatengenezwa kwa mkono na zinauzwa kwenye maduka yao tu. Kama zinaelekea Mombasa au Muscat, zifunge ndani ya begi la kubaki baridi, la sivyo zitafika uji.