Kumiliki Farasi wa Mbio Nairobi: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kununua

Anayetaka kumiliki farasi wa mbio wa uzao wa Thorobredi nchini Kenya ataanza vyema akimtafuta mkufunzi kabla ya kumtafuta farasi. Mbio husimamiwa na Jockey Club of Kenya katika uwanja wa Ngong Road, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, na kwa kawaida hufanyika Jumapili. Hudhuria mara kadhaa, usimame pale farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, uangalie ni mkufunzi gani ambaye farasi wake hutoka wakiwa watulivu, wenye manyoya yanayong'aa, na hurudi wakitembea sawasawa. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko idadi ya vikombe.

Bei ya kununua hulipwa mara moja. Kinachomlemea mmiliki ni matumizi ya kila mwezi, yaani ada ya mkufunzi, ujira wa saisi (mtunzaji wa farasi), nafaka na nyasi kavu, daktari wa mifugo, na fundi wa viatu vya farasi anayehitajika kila baada ya wiki 4 hadi 6. Farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, hata katika miezi ambayo hawezi kukimbia kwa sababu ya jeraha. Kwa hiyo ninamshauri anayeanza aungane na wenzake wachache, na waandikiane mapema nani ataamua kuuza na itakuwaje mmoja akishindwa kulipa.

Unapochagua farasi, nasaba ni ya kuzingatiwa, lakini miguu ndiyo ya kuchunguzwa kwa makini zaidi, hasa ya mbele, ambayo hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Omba atembezwe kwenye ardhi ngumu akikujia na akienda zake, kisha aende matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole, huku ukitazama kichwa: farasi anayeumwa mguu wa mbele hukiinua kila mguu huo unapokanyaga. Pitisha mkono nyuma ya mguu, chini ya goti, ukitafuta joto au uvimbe kwenye kano, kwa kuwa kano iliyochanika huchukua miezi mingi kupona na huweza kuumia tena palepale. Halafu daktari wa mifugo asiye na uhusiano na muuzaji achunguze moyo na koo, kwani farasi ambaye koo lake halifunguki vizuri hupungukiwa na pumzi anapokwenda shoti, yaani anapokimbia kwa kasi, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Daktari akisita, usinunue. Kwa mmiliki mpya napendelea dume aliyehasiwa, ambaye mara nyingi ni mtulivu zaidi.

Katika utunzaji, jambo lisilosubiri ni chanjo ya kila mwaka dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma, na kuua sehemu kubwa ya farasi wasiokingwa. Visubi hao huuma zaidi jioni na usiku, hivyo msimu wa mvua farasi aingizwe bandani kabla ya jua kuzama na asitolewe mpaka kumepambazuka vizuri.

Rangi za fulana ya mpanda farasi husajiliwa kwa jina la mmiliki. Katika mbio za kusawazisha uzito, farasi aliyepimwa kuwa bora hubeba uzito mkubwa zaidi, hivyo ushindi wa leo huweza kumwongezea mzigo wa kesho. Mkufunzi akisema mifupa ya farasi wa miaka miwili haijakomaa, mkubalie na usubiri kumkimbiza. Pupa ya wamiliki imeharibu farasi wengi wazuri.

Tenga pia fedha za maisha yake baada ya mbio. Wengi huacha kukimbia wangali vijana, ilhali farasi anaweza kufikisha miaka 25 au zaidi. Aliye mzima wa miguu anaweza kufundishwa kuruka viunzi au kubeba wanaojifunza kupanda, na mafunzo hayo huchukua miezi kadhaa ambayo mmiliki bado atamlisha.